Kifuniko cha Mpingo

Wivu ninao, na sihitaji mtu wa kunisaidia kusema. Mama aliwahi kuniambia kwamba nikiwa na miaka miwili nililia mpaka nikatapika kwa sababu baba alimbeba mtoto wa jirani. Kwa hiyo msinishangae mimi. Mshangaeni Gasper, aliyenioa huku anajua. Kaka zangu walimwambia mbele ya wazee, "Winfrida ana wivu huyu," naye akacheka, akasema haidhuru, yeye si mtu wa kuzurura.

Kuzurura alianza mwaka tisini na tatu, aliponunua gari.

Ndiyo miaka ile biashara ilipofunguliwa. Korosho, ambazo zamani zilikuwa na mnunuzi mmoja tu na foleni yake, sasa zilinunuliwa na kila mwenye mzani na magunia. Masasi ikajaa mitumba, redio na sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Wamisionari wakauza magari yao yaliyochoka, na Gasper akauza mavuno ya mikorosho yetu yote pamoja na mbuzi wa mama yake, akajipatia Landrova ndefu ya petroli, ya rangi ya majivu, iliyotengenezwa kabla sijaanza shule. Gari lile nililijua. Baba yangu, marehemu mzee Edmund, ambaye mwanangu wa kwanza amerithi jina lake, alikuwa fundi katika karakana ya wamisionari hao hao, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia spana kwa kuwa kaka zangu hawakupenda kuchafuka. Nilijua kufungua kabureta kabla sijajua kusonga ugali.

Kila Jumatano Gasper alitoka Masasi alfajiri na abiria na mizigo yao, akapanda mlima mpaka Newala, akashusha, kisha akaendelea mpaka Kitangari kuchukua magunia ya korosho. Kitangari ndiko alikozaliwa. Na Kitangari ndiko alikokuwa Salome.

Salome alichumbiwa na Gasper kabla yangu. Posa ilishapelekwa, wajomba wa pande mbili wakakosana, mambo yakavunjika, huyu akaoa kwingine na yule akaolewa kwingine. Sasa Salome alikuwa mjane mwenye mapacha, Kurwa na mwenzake, anakaa na mama yake mzee kando ya barabara, pale unapoanza tu kuingia Kitangari. Hayo yote niliambiwa na Gasper mwenyewe, tena siku za uchumba, kwa moyo mweupe. Wanaume hawajui lipi la kusema na lipi la kuacha.

Gari lilikuja bila kifuniko cha tenki. Gasper aliziba mdomo wa tenki kwa kitambaa alichokisokota ndani ya mfuko wa nailoni, na gari zima likanuka petroli, abiria wakishuka wananuka kama taa. Wiki tatu sikusema kitu. Wiki ya nne nilikichomoa kile kitambaa ili nimimine mafuta, nikakikunjua, nikaona ni kipande cha kanga. Kanga ya maua ya zambarau. Mimi sina kanga ya maua ya zambarau.

"Baba Edmund, hiki kitambaa umekitoa wapi?"

"Kipi?"

"Hiki kilichoziba tenki."

"Aa, hicho. Nilikiokota tu kwenye mitumba."

"Mitumba inatoka Ulaya. Tangu lini Wazungu wakavaa kanga?"

Akainama, akajitia kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Roho iliniuma siku nzima. Nilikipigia chakula kelele, nikawapigia kuku kelele, nikampigia kelele hata mama mkwe aliyekuja kutusalimia. Wiki ile ile nikaenda Newala kwa mjomba wangu.

Mjomba Fortunatus ni mchonga vinyago, na mpingo anaujua kama mimi ninavyoujua unga. Nilimpelekea kipimo cha mdomo wa tenki nilichokichukua kwa udongo wa mfinyanzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeniletea chungu?"

"Nimekuletea kazi. Nataka kifuniko cha tenki la mafuta. Kizibe kabisa, hata harufu isitoke."

Mjomba akaugeuza ule udongo mara mbili, akapitisha kidole ukingoni. "Mpwa wangu, nikichonga mimi, hata pumzi haipiti."

"Na juu yake uchonge uso."

"Uso wa nani?"

"Wangu."

Alicheka mpaka patasi ikamwanguka. Lakini mjomba hamkatalii mtoto wa dada yake, na baada ya wiki mbili kifuniko kilikuwa tayari. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, shingo yake imevishwa pete mbili za mpira wa tyubu, ukikisukuma na kukizungusha kinakaza kama kimeota pale pale. Juu yake kulikuwa na uso wa mwanamke mwenye macho makubwa, na ndonya, lile pambo la mti, kwenye mdomo wa juu kama walivyovaa bibi zetu, ingawa mimi sikuwahi kuvaa.

"Macho umeyatoa sana, mjomba."

"Si unataka kuona?"

Nilikipachika kwa mkono wangu. Kipande cha kanga nilikitia jikoni chini ya sufuria ya maharage. Abiria walikipenda kifuniko kile, kila aliyepanda alikigusa, na Gasper akawa anawaambia, "Huyo ni mke wangu, panda kwa adabu." Harufu ya petroli ikaisha kabisa. Nami nikawa mwanamke mwenye amani kwa siku nne.

Jumatano iliyofuata Gasper alirudi magharibi, wakati siku zote alirudi mwisho wa alasiri. Alikuwa na vumbi mwili mzima isipokuwa usoni.

"Gari limezimika," akasema.

"Wapi?"

"Kitangari. Pale mwanzoni."

"Mwanzoni wapi?"

"Mama Edmund, jamani. Pale karibu na kwa Salome."

Akaeleza haraka haraka, kama mtu anayemwaga mzigo. Pampu ya mafuta imechemka kwa jua na mwendo, petroli inageuka mvuke njiani, injini inakosa mafuta. Akaimwagia pampu maji, akafungua tenki akapima mafuta kwa kijiti, akasubiri, gari likawaka. Maelezo mazuri kabisa, hata baba yangu angeyakubali. Mimi nilisikia neno moja tu.

"Maji ulipata wapi?"

Asiyeijua Kitangari hawezi kuelewa kwa nini niliuliza. Kule juu maji yanafuatwa bondeni. Mwanamke anashuka kabla ya jua na kupanda na ndoo moja kichwani jua likiwa limeshakuwa kali, na mwezi wa Oktoba visima vya kuvunia mvua vimebaki tope. Mtu akikupa kikombe cha maji amekuheshimu sana. Gasper alikuwa amepewa ndoo. Ndoo nzima, imwagwe juu ya chuma, na yaliyobaki anawe uso.

"Alinionea huruma," akasema.

"Sijasema kitu."

Jumatano ya pili gari likazimika pale pale. Ya tatu vile vile. Sikuzani, jirani yangu anayepeleka mitumba Newala na Kitangari, alikuja kunisuka nywele, na huku ananivuta kichwa akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema, "Gari lenu nalo lina mambo. Linafika kwa Salome linasimama lenyewe, kama mbuzi anayejua banda lake."

"Na baba Edmund?"

"Anakaa kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti anachowekewa."

Nilimwambia aache kusuka. Nilikaa na nusu kichwa siku mbili, wivu umenipanda hata hewa siipati. Kisha nikavaa suruali ya kazi ya baba na kulifungua gari uani. Nilianza na chujio. Kikombe chake cha kioo kilikuwa safi, hakina hata tone la maji chini. Nikafungua pampu, nikaukagua ule mpira wake wa ndani kwenye mwanga wa jua, haukuwa na ufa. Nikafungua kabureta, nikapuliza jeti zote, vile vitundu vyake vya mafuta, nikapuliza bomba la mafuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikafunga, nikawasha, tenki likiwa na mafuta kidogo tu. Injini ikanguruma pale uani tangu asubuhi mpaka kaka wa jirani akaja kuuliza kama tunasaga nafaka. Gari zima kabisa. Masasi linanguruma, Kitangari linakufa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Mimi nilifikiri hivi: anazima swichi mwenyewe. Wanangu walikuwa wanne, miaka yangu na Gasper ilikuwa kumi na mitatu, na sasa yote yalisimama juu ya suala hilo moja, kama gari linakosa mafuta au mume wangu ananidanganya. Nilivumilia Jumatano mbili nyingine, nikijikaza kisabuni. Ya sita nilimkuta anapakia mizigo, nikampa mkoba wangu.

"Leo tunakwenda wote."

"Karibu," akasema, akanifungulia mlango. Karibu! Mtu asiye na hatia husema hivyo, na mtu aliyejiandaa husema hivyo hivyo. Nikapanda mbele.

Njia nzima sikutazama mikorosho wala bonde wala mtu aliyetupungia mkono. Nilitazama mguu wake wa kulia na mkono ulio karibu na swichi. Tulipanda mlima, na tulipokaribia Newala injini ikakohoa kidogo lakini ikafika. Pale Newala akashusha abiria wa pale, akafungua tenki, akamimina madumu mawili mpaka likajaa hadi shingoni. Hayo yalikuwa mazoea yake tangu enzi za kitambaa, kwani tenki likiwa limejaa mlimani mafuta yalikuwa yanamwagika, basi alipanda na nusu na kuongeza akifika juu. Akakaza kifuniko, akaupangusa ule uso wangu wa mpingo vumbi kwa mkono wa shati, tukaondoka.

Kilomita kama ishirini hivi kutoka hapo, nyumba za Kitangari zikaanza kuonekana. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye usukani. Wa kushoto ulikuwa kwenye gia. Mguu ulikuwa umekanyaga mafuta, na nilimwona akizidi kukanyaga. Injini ikakohoa, ikashtuka, ikakohoa tena, ikakata. Gari likajiendea lenyewe kimya kimya, likasimama mbele ya nyumba ya makuti yenye ua uliofagiliwa.

"Umeona?" Gasper akasema.

Niliona. Nilipaswa kufurahi, mume wangu hakuwa mwongo. Lakini kabla furaha haijafika, nikaona kiti. Kilikuwa kimeshawekwa kivulini, kiti cha miguu mitatu, kimeelekezwa barabarani. Na nyuma yake akatokea mwanamke na ndoo kichwani, hatembei kwa haraka, kama mtu anayejua wageni wake watafika saa ngapi.

Nilikuwa nimemtengeneza Salome kichwani kwangu kwa wiki sita, mrefu, mweupe wa meno, kiuno hivi. Huyu alikuwa mfupi, ana pengo mbele, magoti yake makavu kwa vumbi. Hilo liliniuma zaidi. Angekuwa mzuri ningejua ninashindana na nini.

"Karibu mama Edmund," akasema, akatua ndoo. "Pole na safari. Tunakusikia tu."

"Asante. Mnanisikia kwa nani?"

Akatabasamu na pengo lake. Gasper alikuwa ameshakishika kifuniko, anataka kupima mafuta kwa kijiti kama kawaida yake.

"Usiguse kitu!" nikampigia kelele, abiria wote wakageuka. "Nenda kamsalimie mama mwenye nyumba. Leo natengeneza mimi."

Akaenda, kapeleka mikono nyuma kama mwanafunzi. Abiria wakashuka kutafuta kivuli. Salome hakuondoka. Akasimama kando yangu na ndoo yake, tayari kumwagia pampu, na nikamwambia maji ayaweke kwanza.

Nilifungua bomba linalotoka kwenye pampu kwenda kabureta, nikapiga ule wenzo wa mkono chini ya pampu. Mara kumi, mara ishirini. Hakikutoka hata kijasho cha petroli. Kwa hiyo kweli mafuta hayafiki. Nikaishika pampu. Ilikuwa ya moto, lakini moto wa kawaida, ningeweza kuuweka mkono pale mpaka nihesabu kumi. Haikuchemka hata kidogo. Nikarudisha bomba hilo, nikalegeza lile lingine linaloleta mafuta kutoka tenki, nikaliziba kwa kidole nisipoteze petroli.

Bomba likakivuta kidole changu.

Nilisimama vile vile. Bomba la mafuta husukuma au hunyamaza, halivuti. Hili lilikuwa limekishika kidole kama mtoto anayenyonya. Nikakitoa kidogo, nikasikia hewa ikiingia kwa kasi na kule kwenye tenki mapovu yakachemka, gulugulu. Nikarudisha bomba upesi, nikakaza, nikazunguka ubavuni mwa gari nikiwa nimeshajua ninachokwenda kukiona. Uso wangu ulikuwa pale unanitazama kwa yale macho makubwa. Nikakishika kifuniko, nikakizungusha robo.

Kikatoa sauti ndefu, fyuuuu, kama tairi linalopata pancha, ila hewa haikuwa inatoka. Ilikuwa inaingia.

Nilikuwa na miaka minane baba aliponionyesha kifuniko cha kiwandani na kale katundu kake kadogo kama ka sindano. Mafuta yakipungua, alisema, lazima hewa iingie ishike nafasi, la sivyo tenki linavuta huku na pampu inavuta kule, na pampu itashindwa. Tenki likijaa mpaka shingoni hewa ya ndani ni kidogo, kwa hiyo linakabwa mapema. Kila Jumatano tenki lilijazwa Newala, likakazwa, na baada ya mafuta yale yale na mwendo ule ule likakabwa mahali pale pale. Si maji yaliyokuwa yakiliwasha. Ni Gasper alipofungua apime kwa kijiti. Na kilicholiziba ni mpingo wa mjomba wangu usiopitisha hata pumzi, niliouagiza mimi, binti wa fundi, kwa sababu ya kipande cha kanga. Wiki sita nilikuwa ninamchukua mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe na kumketisha kwenye kiti cha Salome.

"Ni nini, mama Edmund?" Salome akauliza.

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini Salome aliinama, akakigusa kifuniko kwa ncha ya kidole, akaongeza, "Baba Edmund anakipenda sana hiki. Huwa anasema, mke wangu ananitazama hata nikiwa njiani. Tunacheka!"

Tunacheka. Nilihisi masikio yanawaka. Nikaona jinsi itakavyokuwa nikisema, jinsi habari itakavyotembea Kitangari nzima kabla sijafika Newala, kwamba mke wa Gasper ndiye aliyekuwa akilizima gari kwa uso wake. Hapana. Afadhali nife.

"Pampu imechoka," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kivulini. "Nimesafisha bomba, litafika. Lakini litaendelea kuwasumbua hivi hivi mpaka ipatikane pampu mpya kutoka Dar."

Gasper akaja, akawasha, likawaka mara moja. Ndoo ya maji haikuguswa. Salome akaitwika tena kichwani na kuirudisha ndani, nami nilimkata jicho mpaka mlangoni.

Kesho yake, Gasper alipokwenda kunyoa, nilitia njiti ya gurudumu la baiskeli kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, nikakitoboa kifuniko. Nilitoboa kwenye ndonya, kwa kuwa pale ndipo mti ulipokuwa mwembamba na tundu lisingeonekana. Jumatatu nikamwambia ninataka kuleta mihogo kutoka Lisekese. Nililijaza tenki mpaka shingoni kwa mkono wangu, tukaenda tukarudi, tukaenda tena tukarudi, jua la mchana kali na magunia nyuma. Gari halikukohoa hata mara moja.

"Leo pampu imekubali," Gasper akasema.

"Ni kwa sababu hatujapanda mlima," nikasema. Uongo ukishaulea unakula kila siku.

Jumatano ya saba aliondoka kama kawaida. Nilifanya kazi zangu nikiimba. Nilipiga hesabu kwamba mwisho wa alasiri atakuwa amerudi, nikapika kisamvu cha karanga anachokipenda, nikaoga, nikavaa kitenge kipya. Nilikuwa nimeamua nitamwambia ukweli akiwa anakula, tucheke sisi wawili, tucheke zaidi ya walivyocheka wao.

Alasiri ikapita. Magharibi ikakaribia. Nikasikia gari likiingia uani, nikatoka. Alikuwa na vumbi mwili mzima isipokuwa usoni.

"Pole," nikasema. "Mbona umechelewa?"

"Ile pampu," akasema, akivua viatu. "Limezimika tena. Pale pale. Nikaimwagia maji."

Nilimtengea chakula, nikamwacha ananawa, nikatoka nje. Jua lilikuwa bado lipo kidogo. Nikafungua boneti. Vumbi jekundu la Kitangari lilikuwa limetulia juu ya pampu, limeenea sawasawa, hakuna mahali lilipolowa wala kuganda tope. Nililipitishia kidole, kikaacha mstari. Nikafunga boneti taratibu, nikaenda ubavuni, nikakizungusha kifuniko. Hakikulia. Nikaingia nacho ndani, nikakiweka mkekani mbele ya sahani yake.

Akakitazama, akanitazama mimi, tonge mkononi.

"Kina tundu," nikasema. "Hapo mdomoni. Nimelitoboa mimi Alhamisi iliyopita. Pampu ni nzima, haijawahi kuwa mbovu. Tenki lilikuwa halipati hewa kwa sababu ya hiki kifuniko changu. Hilo nililijua tukiwa pale kwa Salome, nikaona aibu kulisema mbele yake. Uongo wangu ndio huo."

Gasper alirudisha tonge kwenye sahani. Alikichukua kifuniko, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akaona nukta ya mwanga kwenye ndonya. Si fundi, lakini si mjinga.

"Kwa hiyo siku zote zile ni wewe uliyekuwa unanisimamisha."

"Mara sita," nikasema. "Mara sita nilikusimamisha mimi. Leo umesimama mwenyewe."

Watoto walikuwa wanagombana nje na hakuna aliyewakemea. Nilingoja akane. Nilikuwa na majibu yote tayari, vumbi la pampu, kanga ya zambarau, kiti, ndoo, nilikuwa nimeyapanga kama risasi.

Hakukana.

"Nilisimama," akasema. "Nimekaa nusu saa. Hakuna kingine, Winfrida, naapa kwa mama yangu. Nimekaa tu." Hakuwa ameniita kwa jina tangu tumzae Edmund.

"Kwa nini basi?"

Alikigeuza kifuniko mkononi, uso ukatazama chini.

"Nilizoea," akasema. "Mwanzo nilikuwa ninaudhika gari likizimika. Baadaye nikawa ninalisubiri. Pale nikikaa, hakuna anayeniuliza nimetoka wapi, nimechelewa kwa nini, kitambaa ni cha nani. Mama Kurwa ananipa maji, anaendelea kubangua korosho zake. Nusu saa kwa wiki, hakuna anayeniuliza kitu."

Maneno hayo yaliniingia mpaka mahali ambapo hayakutakiwa kufika. Nilijua ni ya kweli. Nilijua pia kwamba hapo ndipo mwanamke mwenye akili angenyamaza, akamsogezea mume wake mboga, akaliacha lile jambo lipoe. Nilitaka kunyamaza. Mbele ya Mungu nilitaka. Nikauma mdomo, nikatazama mkeka, nikahesabu mpaka tano.

"Nusu saa," nikasema. "Mlikuwa mnazungumza nini nusu saa nzima?"

Gasper akakiweka kifuniko chini, akanawa mkono ambao haukuwa umeshiba, akatoka kwenda kuwakemea watoto.